Rais Arthur na Mlango wa Kongo: Marekani Haikuwa Mtazamaji

Imo kasumba moja iliyokaa vichwani mwa watu wengi waliosoma, nayo haina budi kung'olewa. Kasumba hiyo yasema kwamba kugawanywa kwa Bara la Afrika kulikuwa dhambi ya Ulaya peke yake. Kwamba Marekani, kwa kuwa haikujitwalia koloni katika bara hili siku zile, ilikaa kando ikitazama, na mikono yake ikabaki safi. Maneno hayo husemwa katika hotuba za mabalozi, hurudiwa madarasani, na hatimaye hukubaliwa na wajukuu wa wale wale waliogawanywa.

Kasumba hiyo ina ndugu yake. Wataalamu wa historia wa Marekani wana desturi ya kuwapanga marais wao kwa madaraja, kama mwalimu apangavyo wanafunzi baada ya mtihani. Juu huwekwa akina Washington na Lincoln. Chini ya hao hupangwa wengine ambao hata raia wa kawaida wa nchi hiyo hawezi kuwataja kwa majina. Miongoni mwao yumo Chester Alan Arthur, Rais wa 21, aliyetawala tangu Septemba 1881 hadi Machi 1885. Huko kwao, wanaomkumbuka hukumbuka ndevu zake nene za mashavuni, suti zake nyingi na karamu zake za usiku. Hukumu wanayompa kwa kawaida ni kwamba alikuwa mtu wa wastani, aliyefanya kazi vizuri kuliko ilivyotarajiwa na ambaye hakumdhuru mtu.

Hakumdhuru nani? Hapo ndipo penye swali. Hukumu juu ya mtawala haiwezi kuachwa mikononi mwa wapiga kura wake peke yao, ikiwa kalamu yake ilifika mbali kuliko kura zao. Ukisimama Kisangani, kwenye maporomoko ya Mto Kongo, au ukisimama Chiwanda, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Nyasa katika Mkoa wa Ruvuma, Arthur si rais mdogo hata kidogo. Ni mkuu wa dola wa kwanza aliyekubali, mbele ya ulimwengu, kwamba nchi ya Waafrika yaweza kumilikiwa na kampuni ya mtu binafsi kwa sababu tu mtu huyo ana bendera na rundo la karatasi.

WAKILI WA BIBI JENNINGS

Haki itendeke hata kwa mtuhumiwa. Chester Arthur hakuzaliwa adui wa mtu mweusi. Alizaliwa tarehe 5 Oktoba, 1829, huko Fairfield, jimbo la Vermont. Baba yake, William Arthur, alikuwa mhubiri wa Kibaptisti aliyehamia kutoka Ireland, naye alipinga utumwa mimbarini bila kuficha. Kijana huyo alihitimu katika chuo cha Union College mwaka 1848, akafundisha shule kwa muda, kisha akasomea sheria na kupokewa kuwa wakili mjini New York mwaka 1854.

Mwaka huo huo, mwezi Julai, mwalimu mmoja wa Kimarekani mweusi, Bibi Elizabeth Jennings, alikuwa akienda kanisani, ambako alikuwa mpiga kinanda. Alipanda gari la abiria lililokokotwa na farasi, na akatupwa nje kwa nguvu kwa sababu ya rangi yake. Alipoishitaki kampuni ya magari hayo, aliyesimama mahakamani kumtetea alikuwa Chester Arthur, kijana ambaye hata miaka 26 hakuwa ameitimiza. Kesi ilishinda mwaka 1855. Kampuni iliamriwa kulipa fidia ya dola 225, na njia ikaanza kufunguka kwa watu weusi kupanda magari ya mji huo kama watu wengine.

Jambo hilo lilikuwa jema, na hapana sababu ya kumnyima sifa yake. Lakini ni lazima likumbukwe vizuri, maana ndilo litakalompima baadaye. Mtu huyu alijua, tangu ujanani, maana ya mtu kuondolewa mahali pake bila kuulizwa. Alijua pia kwamba shahidi wa kwanza wa kusikilizwa katika kesi ya namna hiyo ni yule aliyetupwa nje.

MKUU WA FORODHA

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, ambamo Arthur alisimamia ugavi wa vifaa na mavazi ya askari wa jimbo la New York, wakili huyu aliingia katika siasa za ulaji. Bwana wake alikuwa Seneta Roscoe Conkling, mtawala wa chama cha Republican katika jimbo hilo. Mwaka 1871 Rais Grant alimfanya Arthur kuwa Mkusanya Ushuru wa Bandari ya New York. Hicho hakikuwa cheo cha kubezwa. Sehemu kubwa ya ushuru wote wa forodha wa Marekani ilipita katika nyumba ile moja, na kwa miaka kadhaa kipato cha mkuu wake kilishindana na cha Rais wa nchi.

Katika nyumba hiyo ya forodha kazi zilitolewa kwa wafuasi wa chama, na wafanyakazi walitakiwa kuchangia chama kutoka katika mishahara yao. Ndivyo siasa za nchi ile, ambayo leo hupenda kuwafundisha wengine utawala bora, zilivyoendeshwa. Hali ilichafuka hata Rais Hayes, wa chama hicho hicho, akalazimika kumwondoa Arthur katika kazi hiyo mwaka 1878.

Mtu aliyeondolewa ofisini kwa namna hiyo angedhaniwa kuwa amekwisha. Katika siasa za ulaji haikuwa hivyo. Mwaka 1880 chama kilimteua James Garfield agombee urais, na ili kulituliza kundi la Conkling, Arthur akawekwa kuwa mgombea wa umakamu. Walishinda. Tarehe 2 Julai, 1881, mtu aitwaye Charles Guiteau, aliyechanganyikiwa akili na aliyekuwa akidai apewe kazi ya ubalozi kama malipo ya kukipigia chama debe, alimpiga Garfield risasi. Garfield aliteseka wiki kumi na moja, akafariki tarehe 19 Septemba. Usiku wa kuamkia tarehe 20, nyumbani kwake New York, Chester Arthur aliapishwa kuwa Rais. Hakuwa amewahi kuchaguliwa na wananchi kwa cheo chochote kabla ya umakamu.

Akiwa Rais, aliwashangaza wengi. Mwaka 1883 alitia saini sheria iliyoanzisha mitihani kwa baadhi ya kazi za serikali, ili zisiendelee kugawiwa kama zawadi. Kwa sheria hiyo Wamarekani wanamsifu, nao wana haki ya kumsifu. Hata hivyo, tarehe 6 Mei, 1882, alikuwa amekwisha kutia saini sheria nyingine, iliyowafungia mlango vibarua wa Kichina kwa miaka 10. Mswada wa kwanza, uliotaka miaka 20, aliukataa. Wa miaka 10 aliukubali. Katika mabishano hayo yote lililopimwa ni muda wa kufunga mlango. Wachina wenyewe, ambao jasho lao lilijenga reli za nchi ile, hawakuwa na kiti mezani. Msomaji na aiweke alama desturi hiyo: kuamua juu ya watu bila watu.

KARATASI ZA SANFORD

Sasa uje mwaka 1883. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa akitamani koloni, lakini serikali yake na wananchi wake hawakuwa na hamu hiyo. Kwa hiyo alijificha nyuma ya jina la ihsani. Mwaka 1876 alikuwa ameunda Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, iliyodai kwamba kazi yake ni sayansi na kupiga vita biashara ya watumwa. Hata Tanzania ina kumbukumbu yake: mwaka 1879 watu wa Jumuiya hiyo walijenga kituo Karema, kwenye Ziwa Tanganyika. Mwaka huo huo Henry Morton Stanley alipita Unguja kuandikisha watu wa kazi, akawapeleka Mto Kongo kwa siri ya Mfalme. Kisha likatokea jina jingine, Jumuiya ya Kimataifa ya Kongo, ambayo haikuwa na wanachama wa maana isipokuwa Leopold mwenyewe. Majina yalifanana, na yalifananishwa makusudi.

Leopold alihitaji dola moja kubwa iikubali bendera ya Jumuiya hiyo, bendera ya samawati yenye nyota ya dhahabu, kana kwamba ni bendera ya nchi. Uingereza isingekubali, kwa kuwa ilikuwa ikiitetea Ureno. Ufaransa ilikuwa mshindani wake. Alielekeza macho Marekani, na mjumbe wake alikuwa Henry Sanford, Mmarekani aliyepata kuwa balozi wa nchi yake huko Brussels.

Sanford hakuwa mgeni kwa Rais. Mapema mwaka 1883 Arthur alipokwenda Florida kupumzika, alifikia katika mji uitwao Sanford, mji wenye jina la bwana huyo. Mwishoni mwa mwaka ule Sanford alivuka bahari akiwa na barua ya Mfalme na nakala za mapatano ambayo Stanley alisema kuwa amefanya na watawala wa Kongo. Nakala hizo zilikuwa zimekwisha kuchezewa: vifungu vilivyoipa Jumuiya haki ya kuwafungia wengine biashara viliondolewa, ili Wamarekani waone kwamba Kongo itakuwa soko huria.

Mwezi Desemba 1883, katika risala yake ya mwaka kwa Bunge, Rais Arthur alizungumzia bonde la Kongo. Alisema ni bonde tajiri lenye watu wengi, kwamba linafunguliwa na Jumuiya ambayo Mfalme wa Wabelgiji ni rais wake, na kwamba Jumuiya hiyo haikusudii kutawala siku zote. Maneno hayo hayakuwa utafiti wa serikali ya Marekani. Yalifuata kwa karibu sana yale aliyoandikiwa na Sanford. Rais wa taifa lililojitapa kwamba limezaliwa kwa kumkataa mfalme aliliandikia Bunge lake maneno ya mfalme.

Kisha akajitokeza msaidizi mwingine, Seneta John Tyler Morgan wa Alabama, ambaye katika vita alikuwa jenerali wa upande uliopigania utumwa. Huyu aliiona Kongo kama soko la nguo za pamba za Marekani na kama mahali pa kuwatupa Wamarekani weusi, ili jimbo lake libaki na weupe. Watu wa mwambao wa Afrika Mashariki wanaielewa hamu hiyo ya soko bila kufundishwa. Marekani ilikuwa na mapatano ya biashara na Sultani Said tangu 1833, na kitambaa chake kilienea hadi bara kiasi kwamba jina lake, merikani, lingali katika lugha hadi leo.

Tarehe 22 Aprili, 1884, Waziri wa Mambo ya Nje wa Arthur, Frederick Frelinghuysen, akatangaza kwamba Marekani inaitambua bendera ya Jumuiya kuwa bendera ya serikali rafiki. Tangazo lenyewe lilichanganya yale majina mawili ya Jumuiya, kana kwamba waliolitoa hawakujua ni ipi waliyokuwa wakiitambua. Ndivyo Marekani ilivyokuwa dola kubwa ya kwanza duniani kumkubali Leopold kuwa mwenye Kongo.

Katika mamilioni ya watu waliokaa katika bonde lile, hakuna hata mmoja aliyeulizwa.

MLANGO UKISHA KUFUNGULIWA

Dola ya kwanza ikisha kukubali, ya pili huona haya kuchelewa. Ufaransa ilifuata siku chache tu baadaye, ikiahidiwa kuwa ya kwanza kuuziwa endapo Leopold angeshindwa kuiendesha Kongo. Ujerumani ilifuata mwezi Novemba mwaka ule ule. Tarehe 15 Novemba, 1884, Bismarck akafungua Mkutano wa Berlin, na Marekani haikuwa mtazamaji huko pia. Ilikuwa na mjumbe wake, John Kasson, na pamoja naye waliketi Sanford na Stanley, watu wawili wa Leopold waliokalia viti vya Marekani. Mkutano ulimalizika tarehe 26 Februari, 1885. Arthur alitoka madarakani tarehe 4 Machi. Kwa hiyo Mkutano wa Berlin, tangu siku yake ya kwanza hadi ya mwisho, ulifanyika akiwa yeye ndiye Rais wa Marekani.

Wakati huo huo, upande huu wa bara, Carl Peters alikuwa akizunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, akikusanya misalaba ya wino kwenye karatasi za Kijerumani ambazo waliotia alama hawakuweza kuzisoma. Naye hakutumwa na serikali. Alikuwa mtu wa jumuiya binafsi, kama Stanley. Tarehe 27 Februari, 1885, siku moja tu baada ya Berlin kufungwa, Mfalme wa Ujerumani alimpa hati ya ulinzi. Kanuni ilikuwa ile ile iliyobarikiwa Washington miezi kumi kabla: mtu binafsi akiwa na karatasi, karatasi hiyo yageuka nchi.

Miaka 21 kamili baadaye, tarehe 27 Februari, 1906, Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Vita vya Maji Maji mjini Songea, akiwamo Nkosi Mputa wa Wangoni. Kati ya tarehe hizo mbili imo habari nzima ya karatasi inayogeuka kamba.

MSTARI JUU YA MAJI

Arthur hakuchora mpaka wa Ziwa Nyasa. Lazima isemwe wazi, maana anayetetea haki hana haja ya kuongeza chumvi. Mpaka huo ulichorwa baada ya yeye kufa. Kwa mapatano ya 1886, Ujerumani na Ureno ziligawana nchi za Mto Ruvuma. Na kwa mapatano ya tarehe 1 Julai, 1890, Uingereza na Ujerumani ziliandika kwamba mpaka wao ufuate ufuko wa ziwa, upande wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi, hadi mlango wa Mto Songwe. Katika mapatano hayo hayo Ujerumani ilipewa kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Mvuvi wa Chiwanda aliwekwa kwenye mizani pamoja na kisiwa ambacho hakupata kukisikia.

Alichofanya Arthur kilikuwa kukubali ile kanuni ambayo mistari ya namna hiyo iliota juu yake. Na matunda ya kanuni hiyo hayakwisha siku bendera za kikoloni ziliposhushwa. Katika wilaya ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Mbinga na leo yaitwa Nyasa, watu wa Chiwanda wanaishi kwa maji. Maji yanawapa usipa na mbasa, yanabeba mitumbwi yao, na yanawafikisha kwa jamaa zao wa ng'ambo ambao lugha yao wanaielewa. Lakini kwa wale waliochora mwaka 1890, mguu wa mvuvi ukilowa tu tayari amevuka mpaka. Tanzania imeshikilia kwamba mpaka upite katikati ya ziwa, kama haki na desturi ya mataifa inavyoelekeza. Malawi imeshikilia maandishi ya 1890. Mwalimu Nyerere aliueleza msimamo wa Tanzania mwaka 1967, na mwaka 2012 mgogoro uliibuka upya baada ya Malawi kutoa vibali vya kutafuta mafuta ziwani, hata viongozi wastaafu wa Afrika, akiwamo Joaquim Chissano, wakaombwa kusuluhisha.

Nchi mbili huru za Kiafrika zikae kitako zikibishana juu ya maana ya maneno ya Waingereza na Wajerumani, huku wenye ziwa wa pande zote mbili wakiendelea kuoana na kuuziana samaki! Waswahili husema dau la mnyonge haliendi joshi. Dau la mvuvi wa Nyasa limefungwa kwa kamba iliyosokotwa na watu ambao hawakupata kuona hata wimbi moja la ziwa hilo.

SHAHIDI KUTOKA MAREKANI ILE ILE

Huko Kongo hasara ilihesabiwa kwa vichwa vya watu. Tarehe 1 Julai, 1885, Leopold alitangaza kwamba ardhi zote alizoziita tupu ni mali ya dola yake. Mwaka 1887 alimfanya Tippu Tip, mfanyabiashara maarufu wa Unguja, kuwa liwali wake kwenye maporomoko ya Stanley, yeye aliyedai kupiga vita biashara ya watumwa. Bei ya mpira ilipopanda duniani, vijiji viliwekewa viwango vya utomvu wa kuleta. Vilivyoshindwa vilichomwa, wanawake walishikwa mateka, na askari walitakiwa kuleta mikono ya watu iliyokatwa ili kuthibitisha kwamba risasi hazikupotezwa bure. Wapo wanahistoria wanaokadiria kwamba Kongo ilipungukiwa na watu milioni 10. Wengine hubishana juu ya hesabu hiyo, lakini hapana anayebisha kwamba lilikuwa janga kubwa. Hali hiyo iliendelea hadi mwaka 1908, Leopold alipolazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji.

Watetezi wa Arthur wana majibu matatu, na yote yafaa kujibiwa.

La kwanza, husema alidanganywa. Ni kweli, alidanganywa. Lakini huyu hakuwa mtoto. Alikuwa wakili wa miaka mingi, na kwa miaka saba alikuwa mkuu wa forodha katika bandari kubwa kuliko zote za nchi yake. Kazi ya forodha ni kutoiamini karatasi mpaka kasha lifunguliwe. Shehena ya sukari iliyoingia New York ilipimwa na kukaguliwa kabla ya kuachiwa. Kongo nzima iliachiwa bila kasha kufunguliwa.

Tena kufungua kasha kuliwezekana. George Washington Williams, Mmarekani mweusi, askari wa zamani na mwandishi wa historia, alilifungua. Ajabu ni kwamba Arthur alimfahamu: katika siku zake za mwisho Ikulu, Machi 1885, alimteua Williams awe balozi Haiti, ingawa serikali iliyofuata haikumwacha ashike kazi hiyo. Mwaka 1890 Williams alikwenda Kongo kwa miguu yake na kuuliza wenyeji. Waliyomwambia aliyaandika katika barua ya wazi kwa Leopold tarehe 18 Julai, 1890. Alieleza jinsi watu wa Stanley walivyoficha nyaya za umeme katika nguo zao ili mtemi akipeana mkono na mzungu apigwe na mtikisiko na kuamini kwamba mzungu ana nguvu za ajabu. Jinsi walivyowasha sigara kwa kioo cha jua. Jinsi walivyotoa pombe na kutwaa vijiji. Hizo ndizo karatasi alizoletewa Arthur. Mtu mmoja, asiye na jeshi wala hazina, alipata ukweli kwa kuuliza. Rais mwenye manowari, mabalozi na Bunge hakuuliza.

La pili, husema Marekani haikuthibitisha mapatano ya Berlin. Nalo ni kweli: Rais Cleveland, aliyemfuata Arthur, hakuyapeleka Seneti. Lakini kuitambua bendera ya Leopold hakukufutwa. Mwenye nyumba akimfungulia mwizi mlango wa jirani, kisha akakataa kuingia naye ndani, hawezi kujisifu kwamba hakuiba.

La tatu, husema hata bila Arthur, Leopold angepata njia nyingine. Huenda. Lakini Leopold mwenyewe hakuamini hivyo. Ndiyo maana alimtuma mtu wake ng'ambo ya bahari, akaandika barua kwa mkono wake, na akafurahia tangazo lile la Aprili kuliko mengine yote. Mtu hatafuti kwa juhudi hiyo kitu asichokihitaji.

KALAMU HAINA UDOGO

Chester Arthur aliugua figo wakati akiwa bado Ikulu, akauficha ugonjwa huo. Chama chake hakikumteua tena mwaka 1884. Alifariki New York tarehe 18 Novemba, 1886, akiwa na umri wa miaka 57, na kabla ya kufa aliamuru karatasi zake nyingi zichomwe. Zilichomwa. Lakini hati ya tarehe 22 Aprili, 1884, haikuwa miongoni mwa zilizoweza kuchomwa, maana ilikuwa imekwisha kugeuka mipaka, vituo vya askari na makaburi.

Kuna mambo mawili ya kufanya. Kwanza, somo la historia mashuleni lirekebishwe kwa kuongezewa jina moja na tarehe moja. Mwanafunzi wa Chiwanda anayekariri Bismarck, Leopold, Stanley na Peters anastahili kumjua Arthur pia, na kujua kwamba safari ya kwenda Berlin ilipitia Washington. Akijua hivyo, hatatishwa na madaraja ya marais yanayopangwa na watu wengine. Ataweza kupanga yake mwenyewe, kwa kuuliza kila mmoja wao alitia saini nini, na nani alilipa.

Pili, na hili ni la nyumbani. Kila mwenye kalamu ya umma, awe waziri, mkurugenzi, mwenyekiti wa halmashauri au wa kijiji, huletewa karatasi nzuri na watu waungwana wenye maneno ya ihsani. Ardhi ya kijiji, msitu, mgodi, kipande cha ufuko wa ziwa, yote hupita chini ya kalamu yake. Arthur hakuwa mtu katili, wala hapana ushahidi kwamba alihongwa kwa ajili ya Kongo. Alikuwa na adabu, aliwapenda wageni wake, na aliamini alichoandikiwa. Hayo yalitosha kuwaangamiza watu ambao hakupata kuwaona.

Kwa hiyo kabla ya wino kukauka, swali ni moja, lile lile ambalo kijana Arthur aliliuliza kwa niaba ya Bibi Jennings mwaka 1855, na ambalo Rais Arthur alilisahau mwaka 1884: mwenye kiti ameulizwa? Kama hakuulizwa, kalamu na irudishwe mezani, na mleta karatasi aonyeshwe njia ya kwenda kwa wenye nchi.